Kitambaa Chekundu cha Mzee Copeland

Usiku ule wa Jumamosi sikuzima taa ya jikoni. Binti yangu Lavonne alikuwa amelala kwenye kochi na viatu vyake miguuni, kwa sababu nilimwambia huenda tukaondoka alfajiri. Redio ilikuwa ikisema kwa sauti ya chini. Kila wimbo ulipokwisha nilinyanyua kichwa, nikidhani sasa wataitaja meli ya mwanangu Roscoe. Hawakuitaja. Walirudia yaleyale ya wiki nzima: Warusi wameweka makombora Kuba, manowari zetu zimekizingira kisiwa, Rais wetu na mkubwa wa Warusi wanaandikiana, na hakuna ajuaye mwisho wake.

Hiyo ilikuwa Oktoba ya mwaka 1962, hapa Norfolk. Mji wetu huishi kwa manowari kama watu wa bara wanavyoishi kwa shamba, na wiki ile magati yalikuwa matupu. Roscoe aliondoka bila kuaga. Alikuwa aje kula Jumapili, hakuja, na mashati niliyomfulia yalikuwa bado yananing'inia kwenye kamba uani. Yalikauka, yakanyeshewa, yakakauka tena, nami sikutaka kuyaanua. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na kazi yake ilikuwa chini kabisa ya meli, kwenye mashine.

Jirani yangu Thessie Faulk alikuwa na gari. Yeye na mumewe walikuwa wanaondoka kabla ya jua kwenda kwa watu wao mashambani, Karolina, na alisema nafasi yangu na ya Lavonne ipo. Mpaka alfajiri ilinibidi niwe nimeamua. Nikienda, simu ikilia hakuna wa kuipokea, na maafisa wakija mlangoni hawatamkuta mama wa Roscoe. Nikibaki, na kombora likaangukia bandari hii, nitakuwa nimempoteza Lavonne kwa ukaidi wangu mwenyewe. Mume sikuwa naye wa kumuuliza, nilimzika zamani.

Kwa hiyo nilikaa dirishani nikitazama nyumba ya ng'ambo ya barabara. Juu ya mlango wa Mzee Copeland kulikuwa na kitambaa chekundu. Kilikuwa pale tangu Jumatatu jioni, na mtaa wetu ulikuwa unakiamini kuliko redio.

Lemuel Copeland alizaliwa kwenye shamba la karanga upande wa Suffolk, akalikimbia, akaingia jeshi la majini akiwa kijana wa umri wa Roscoe. Siku zile mtu mweusi melini alipewa sufuria au trei. Yeye alipewa trei, akaibeba miaka thelathini. Alisimama nyuma ya viti vya makapteni, halafu nyuma ya viti vya maadmirali, na mara kadhaa Rais wa zama zile aliposafiri kwa manowari kwenda kuonana na wakubwa wa nchi nyingine, Mzee Copeland alikuwa mmoja wa waliomimina kahawa.

Hayo tuliyajua kwa mkewe, Bi Almeta, Mungu amlaze pema, maana mwenyewe hakuwa msemaji. Ukimuuliza admirali fulani alisema nini, anakujibu kwamba mhudumu hana masikio, ana mikono tu. Lakini ukimuuliza walikula nini, hapo umemfungua. Alikuwapo admirali aliyepanga njegere kwenye ukingo wa sahani kama meli zilizo vitani, akizila moja moja kadiri anavyomshinda adui. Mwingine hakuwahi kupaza sauti maishani, lakini akikunja kitambaa chake cha mdomo mara mbili, kapteni aliyeketi mbele yake anaanza kutoka jasho. Wa tatu alikuwa na mbwa, na hakuonja nyama mpaka mbwa ameonja, na wapishi walimwogopa yule mbwa kuliko bwana wake.

Nilizipenda hadithi zile. Nikitoka kazini kwenye kuchambua nyama ya kaa, nilipita barazani kwake na mikono ikinuka. Alikuwa akisema, "Mama Riddick, leo umetuletea bahari yote," nami nikikaa kwenye ngazi kumsikiliza. Nilikuwa nikijiuliza watu wale wakubwa wanafananaje wakiwa wamekaa tu wanakula, na Mzee Copeland ndiye mtu pekee niliyemjua aliyekuwa amewaona.

Sasa, kitambaa. Meli za jeshi zikiwa bandarini, wakati wa chakula hupandisha kibendera chekundu ili wageni wajue mabaharia wako mezani wasisumbuliwe. Mzee Copeland alipostaafu alimwambia mkewe kwamba miaka thelathini amekula akiwa amesimama, kwenye kijichumba cha vyombo, vilivyobaki na vilivyopoa, sikio moja likingoja kengele. Sasa anataka kukaa kwenye kiti chake, ale chakula cha moto mpaka mwisho, na hata Rais akibisha asifunguliwe. Bi Almeta alicheka, akachukua gauni lake jekundu la zamani, akakata kipande, akakipinda na kukitia kitanzi.

Tangu siku ile, kikiwa juu ya mlango hakuna anayebisha. Mchungaji wetu alingoja barazani. Mtu wa bima alingoja akachoka akaenda. Hata siku tuliyomzika Bi Almeta, Mzee alikitundika akala peke yake, nasi watu wa kanisa tumejaa uani na vyakula vyetu mikononi, kimya. Watu wa mitaa mingine walituona wendawazimu.

Mlo wa mtu mmoja hauchukui muda. Kitambaa kilipanda, kikashuka, ungeweza kurekebisha saa yako kwa kukitazama. Lakini Jumatatu ile Rais alizungumza kwenye televisheni saa ya chakula cha jioni, tukamsikiliza sote nyumbani kwa Thessie, tukatoka nje tukasimama barabarani kwa sababu hakuna aliyetaka kuingia kwake. Tukatazama ng'ambo. Taa inawaka, kitambaa kiko juu. Tukasema akimaliza tumuulize, maana yeye aliwaona watu hawa kwa karibu. Tukangoja mpaka baridi ikatuingiza ndani. Jumanne asubuhi kipo. Jumanne jioni kipo.

Hapo ndipo mtaa wetu ulipokosea, na sidhani kuna mtaa mwingine ambao ungekosea vile. Thessie ndiye aliyeanza. Alisema ni ishara. Alisema mtu kama yule wakubwa hawamwachi hivi hivi, lazima wamempigia simu, naye kwa kuwa ameapa asiseme, anatuonya kwa kitambaa. Akasema hata ile vita ya Wajapani, siku moja kabla ya kupigwa bandari ya Hawaii, kitambaa kilikaa juu mchana kutwa. Amekiona kwa macho yake.

Nikamkumbusha kwamba wakati ule Mzee Copeland alikuwa baharini, hajastaafu, na kitambaa chenyewe kilikuwa bado gauni.

"Basi Almeta ndiye aliyetundika kitu," akasema.

"Almeta alikuwa akiishi kwa mama yake, Thessie."

"Mwenzangu, unabishana na mimi au na Warusi?"

Kufikia Jumatano watu walikuwa wamejaza maji mabafuni, na vyakula vya makopo vilikwisha dukani. Otis, mume wa Thessie, kila asubuhi kabla ya kwenda kwenye gati la makaa ya mawe aliuliza kutoka msalani kama kimeshuka, na mkewe akajibu kutoka dirishani kwamba bado. Alhamisi meli zilileta wanawake na watoto wa wanajeshi kutoka kambi yetu ya kule Kuba, wametolewa haraka, wamevaa nguo za joto wanatetemeka. Kanisa letu lilipeleka makoti. Mwanamke mmoja aliniambia ameacha chungu jikoni, hata hajui kama aliuzima moto. Nilirudi nyumbani nikakagua jiko langu, nikalikagua tena.

Mzee mwenyewe tulijua yu hai. Pazia lilitikisika, redio yake ilisikika. Mtu alimwekea sahani ya chakula barazani, ikaliwa na paka.

Mimi nilikuwa na jambo langu jingine, ambalo sikumwambia mtu. Roscoe alikulia kwenye baraza ile. Kiangazi alichomaliza shule alikaa pale jioni baada ya jioni, yeye na Mzee, wakizungumza kwa sauti ya chini, halafu siku moja akaja akaniambia amejiandikisha jeshi la majini. Sikumuuliza Mzee Copeland alimwambia nini. Niliendelea kumsalimia, niliendelea kukaa kwenye ngazi yake, lakini mfupa ulikuwa umenikwama kooni. Niliamini kwamba ni njegere zile na mbwa yule ndivyo vilivyompeleka mwanangu baharini.

Jumamosi redio ikasema ndege yetu imepotea juu ya Kuba. Jioni Thessie akaja amejifunga kilemba cha safari.

"Unangoja nini, Ernestine? Rais akuandikie na wewe?"

Nilimwambia siwezi kuamua maisha ya watoto kwa kutazama kitambaa.

"Basi nenda kamuulize mwenyewe."

"Kipo juu."

"Wiki nzima kipo juu. Au unangoja amalize kutafuna?"

Alipoondoka nilikaa pale dirishani nilipokueleza, redio inasema, Lavonne amelala na viatu. Halafu nikavuka barabara, hata aproni sikuvua.

Nilibisha kwa ncha za vidole. Sauti ilitoka ndani, nzito, ya mtu ambaye hajasema siku nyingi.

"Nani huyo anabisha watu wako mezani?"

"Ni mimi, Mama Riddick. Niwie radhi, Mzee."

Nilisikia kiti kikisogea, kisha miguu, kisha pumzi zake upande wa pili wa ubao wa mlango. Hakufungua. Nikamweleza shida yangu palepale kwenye baridi: gari la Thessie, simu, Lavonne, Roscoe. Nikamwambia sitaki siri ya mtu. Nataka kujua kitu kimoja tu, kwamba watu wale wakifikishana hapa, huwa wanafanya nini. Yeye alisimama nyuma yao.

"Sijui, Mama Riddick."

Nikasema sitamwambia hata Thessie.

"Hunielewi. Sijui. Walikuwa wanatutoa nje."

Akanieleza, taratibu, kupitia ubao. Mazungumzo yenyewe yalipotaka kuanza, kahawa ikishamiminwa, afisa mmoja aliinua nyusi tu, na wahudumu wakatoka, na mlango ukafungwa kwa ndani. Kila mara. Yeye alibaki ujiani na kitambaa cha kuhudumia mkononi, akitazama kitasa. Siku moja meli ilitia nanga kwenye ghuba ya baridi, Rais na mgeni wake wakafungiwa ndani tangu asubuhi, na mpaka jua linazama alichosikia ni viti. Mlango ulipofunguka waliagiza aiskrimu, sahani mbili, na wahudumu wakashikana mikono ujiani kwa furaha. Safari nyingine mlango ulifunguka hawakuagiza kitu, na yule mgeni akaondoka ameisahau kofia yake kitini.

"Hiyo ndiyo elimu yangu yote," akasema. "Aiskrimu na kofia. Mtaa mzima unadhani nilikuwa ndani, nami nikauacha udhani. Ilikuwa tamu kidogo."

Nikamuuliza kama ni hivyo, kitambaa kinatuonya nini.

"Hakimwonyi mtu. Sijala. Nilikaa mezani Jumatatu, nikasikia alichosema Rais, nikaweka uma chini. Kitambaa hakishuki kabla mlo haujaisha."

"Siku zote hizo, Mzee?"

"Nimekula biskuti. Nimesimama jikoni, kama zamani."

Nilikaribia kucheka. Mtaa umejaza maji mabafuni kwa sababu mzee hakumaliza sahani yake. Nikamuuliza kinachomzuia kula ni nini.

"Mwanao," akasema. "Alipokwenda kujiandikisha walimwambia nafasi ya kuhudumia meza ipo, aichukue mara moja, ana adabu nzuri. Akaja kuniuliza. Nikamwambia usiikubali trei hata ikiwa ya fedha. Nikamwambia chagua mashine, mashine hazimtoi mtu nje. Sasa yuko chini kabisa. Wa mezani meli ikipigwa wana ngazi moja tu ya kupanda. Wa mashine…"

Sikuwa nimekuja kusikia hilo. Muda wote huo nilimlaumu kwa kumvuta mwanangu kwa hadithi, kumbe Roscoe alikuwa amekwisha kuamua kwenda, na yule mzee alichomwambia ni asiende kuwa kama yeye. Nilijaribu kumkasirikia kwa hilo jipya. Lakini nilimkumbuka Roscoe alivyokuja likizo ya kwanza, mafuta meusi yamejaa kwenye kucha, nikamwambia akanawe, akaiweka ile mikono kwenye kitambaa changu cheupe cha meza makusudi ili niione. Alisema, Mama, wanatoa amri huko juu, lakini mimi ndiye ninayeisukuma meli.

Nikamweleza Mzee Copeland hayo, neno kwa neno, na lile doa kwenye kitambaa cha meza ambalo mpaka leo halijatoka.

"Angeshika trei angekuwa kwenye meli ileile," nikasema. "Ila angekuwa amesimama nje ya mlango."

Nilisikia mkono wake ukigusa ubao, au kichwa, sijui.

"Rudi nyumbani, Mama Riddick," akasema. "Mtoto yuko peke yake."

Mlango haukufunguka. Nilivuka barabara nikamvua Lavonne viatu, nikamfunika blanketi. Kama hata aliyemimina kahawa hakujua lolote, basi Norfolk nzima hakukuwa na wa kuniambia niende au nibaki. Wote tulikuwa ujiani. Nikaona bora ningoje kwenye mlango wangu, karibu na simu yangu, kuliko kwenye shamba la watu nisikoitwa kwa jina. Alfajiri Thessie alipopiga honi nilitoka nikamwambia asiningoje. Aliniita nyumbu, akalia, akanipa funguo za nyumba yake nimlishie kuku, wakaenda.

Nakiri sikuwa na uhakika. Nilimtazama Lavonne akinywa maziwa yake nikawa najiuliza nimemfanyia nini.

Tulikuwa tunajiandaa kwenda kanisani mtangazaji alipokata wimbo katikati. Warusi wamekubali kuyaondoa makombora. Alirudia, nami nikafunga maji ya bomba nisikie vizuri, kisha nikaketi sakafuni palepale. Lavonne akauliza kama Roscoe anakuja leo. Nikamwambia si leo. Meli bado ziko kule, na neno la redio si mtu mlangoni. Lakini nilikwenda uani nikayaanua mashati.

Kanisani sikwenda. Nilikuwa na nyama ya kaa kwenye jokofu. Nikaichanganya na yai, chembe za mkate na haradali, nikakaanga kababu mpaka zikashika rangi, nikapakua sahani tatu, moja nikamwachia Lavonne, mbili nikazibeba. Nikavuka. Nyuma yangu majirani walitoka kwenye baraza zao, wamevaa nguo za ibada, wakanitazama ninakokwenda.

Kitambaa kilikuwa juu. Safari hii sikubisha, mikono ilijaa. Nilisema kwa sauti ya kawaida, karibu na ubao, kwamba nadhani amesikia.

"Nimesikia," akasema. Alikuwa hapohapo, karibu sana.

"Nimeleta kababu za kaa, za moto. Roscoe hajarudi, Mzee. Na mimi kula peke yangu nimeshindwa."

Kitasa kilizunguka. Mlango ukafunguka. Alikuwa hajanyoa, amevaa kandambili na shati lililokunjamana, na nyuma yake mezani niliiona sahani ya Jumatatu imefunikwa kwa kitambaa cheupe, uma pembeni. Alizitazama sahani zangu kama mtu anayekagua kazi ya jikoni. Nikaweka moja juu ya mkono, nikanyoosha mwingine kukishusha kile chekundu, nikidhani ndiyo adabu.

Akanishika kifundo cha mkono.

"Kiache," akasema. "Ndiyo kwanza tunakaa."

Akasogea pembeni, akaushikilia mlango mpaka nilipopita.